Petroli ya pikipiki: super, V-Power au ya chupa?

Kila EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ikitangaza bei mpya tarehe 14, wasomaji wa bodaboda huniletea lalamiko lile lile: nimeongeza hela nikaweka V-Power, mbona Boxer yangu bado inalia mlimani?

V-Power ni petroli ya Shell yenye oktani ya juu, lakini oktani haiongezi nguvu. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili joto na kubanwa bila kujiwasha kabla ya wakati wake. Injini za Boxer na TVS HLX hubana hewa na petroli mara tisa, kumi hivi, na super ya kawaida inazitosha kabisa. Na ukisikia mtu wa Marekani akisema anaweka petroli ya oktani 87, usimcheke. Wao hupima kivyao. Hiyo ni kama 91 ya huku kwetu.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni super ya kawaida, kutoka kituo chenye foleni. Mimi ni mtu wa Shell na sifichi, lakini hata hapo nachagua kituo ambacho magari hayakauki, kwa sababu mafuta hayakai muda mrefu kwenye tangi la ardhini.

Namba mbili ni V-Power. Mwenye KTM 390 Duke, inayobana zaidi ya mara 12, ana sababu ya kuilipia. Mwenye Boxer anaongeza hela kwa ajili ya dawa ya kusafisha injini iliyomo humo tu.

Vile vichupa vya kuongeza oktani? Hela hiyo nunua plagi.

Sasa jambo ambalo hakuna anayeuliza: oktani uliyolipia bado imo? Mafuta taa yana oktani ya chini mno, na yakiingizwa kwenye petroli huivuta chini nayo. Utajua ukipakia abiria wawili, gia ya tatu, mlima: injini inagonga kama changarawe kwenye mkebe. Ukiendelea hivyo, pistoni inaliwa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uiache kivulini. Petroli safi huruka yote; yenye mafuta taa huacha doa la mafuta, na vidole vinabaki na utelezi. Ndiyo maana ya chupa za kando ya barabara naiweka mwisho. Hata isipochanganywa, imepigwa jua, ile sehemu nyepesi ya kuwashia asubuhi imeruka, nawe unapiga kiki mpaka jasho.

Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuzima uchanganyaji. Aliyeumia ni mama wa stovu, ambaye hajawahi kuchanganya chochote.

Na wahudumu wa pampu! Unasema "super ya mia mbili", mkono wake uko kwenye V-Power tayari, na namba za pampu hazijarudi sufuri. Ukiomba risiti, mashine imeharibika. Idai hata kwa ubishi, maana bila risiti huna la kuwaonyesha EPRA.