Kitabu au bando? Cha kumnunulia mwanafunzi wa sayansi sekondari

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua kitabu cha kiada. Mengine nayapanga chini yake, na baadhi hayana gharama zaidi ya bando.

Namba moja, basi, ni vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET): Fizikia, Kemia, Baiolojia. Vinafuata mtaala wenyewe, na havidai luku wala chaji. Shida ni toleo. Mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu Januari 2024, kwa hiyo kwenye vitabu vya mtumba pale Kariakoo utakuta vya mtaala wa zamani, vimevalishwa nailoni hadi vinang'aa. Angalia mwaka na kidato kurasa za mwanzo, ulinganishe na orodha ya shule. Muuzaji akikwambia "ni kilekile, wamebadilisha jalada tu", mpigie mwalimu wa somo kwanza.

Kopi za steshenari ziogope, hasa za Kemia. Chumvi ya shaba ikikutana na sodiamu haidroksaidi hutoa mashapo ya bluu. Ya chuma(II) hutoa ya kijani, na ya chuma(III) hutoa ya kahawia yenye wekundu. Kwenye kopi nyeusi na nyeupe, yote matatu ni kijivu. Mtoto atakariri majina ya rangi, halafu siku ya mtihani wa vitendo ainue testityubu asijue anachokiona.

Mwenye kompyuta au tableti aingie pia maktaba mtandao ya TET, vitabu vinasomeka bure. Kwa simu ndogo, michoro inachosha macho.

Namba mbili ni majaribio ya kwenye skrini ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Ni bure. Mtoto anaunganisha betri na balbu; akiongeza balbu ya pili kwa mfululizo, zote zinafifia; akizipanga sambamba, kila moja inawaka kama ilivyokuwa peke yake. Atakosea mara kumi bila kuunguza kitu, na maabara nyingi za shule hazimpi nafasi hiyo. Mengi yanapakuliwa yakatumika bila intaneti, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Video nazipa namba tatu. Zinafaa kwa vitu vinavyotembea: moyo unavyosukuma damu, seli inavyogawanyika. Ila saa moja kwa ubora wa 360p hula kama MB 300, na 720p inaweza kupita GB 1. Ashushe ubora, maandishi ya ubaoni kwa kawaida yatasomeka tu. Na kitabu kiwe mezani, maana video nyingi zimetengenezwa kwa mitaala ya nchi nyingine. Jioni nzima inaweza kuishia kwenye mada asiyoihitaji.

Masomo ya mtandaoni ya kulipia yanafuata. Lipia mwezi mmoja, usikimbilie mwaka. Uliza kama kuna mwalimu anayesahihisha kazi za mtoto. Kama hayupo, unanunua video tu, na za bure zipo tele.

Mkiani kabisa ni flashi za "masomo yote, kidato cha kwanza hadi cha nne". Hujui nani katengeneza wala kwa mtaala upi, na virusi unaweza kupewa kama nyongeza. Ukishawishika, ifunguliwe kwenye kompyuta ya muuzaji, mafaili matatu manne yachezwe, ndipo utoe hela.