Programu ya Biblia ya YouVersion: Nzuri kwa Kusoma, Isipewe Kazi ya Kupima Ukuaji wa Kiroho

Mchungaji akitaja andiko Jumapili, iwe Kimara au Mbagala hapa Dar es Salaam, nusu ya waumini hufungua Biblia ya karatasi na nusu hutoa simu. Kwenye simu hizo, programu ya YouVersion imeshakuwa jambo la kawaida. Imetengenezwa na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani, na ilianza kutolewa mwaka 2008. Ni ya bure, haina matangazo ya biashara, na mtu wa Dar anaweza kuitumia kwa Kiswahili tangu menyu hadi maandiko yenyewe. Ndani yake kuna Biblia ya Union Version ya 1952, ambayo wengi wetu tumekariri mistari yake tangu shule ya Jumapili, na kuna Habari Njema kwa anayetaka Kiswahili chepesi zaidi.

Kama chombo cha kusomea Neno, inastahili alama za juu. Ila watu wengi, hasa vijana waliookoka karibuni, wameanza kuitumia kama kipimo cha hali yao ya kiroho, na kwa kazi hiyo haifai. Mapitio haya yanaangalia mambo yote mawili, maana dhana potofu kuhusu kukua kiroho zilikuwepo makanisani kabla ya simu. Programu imezipa tu namba na picha nzuri.

Tuanze na hesabu ya siku mfululizo. Ukifungua programu leo, kesho na keshokutwa, inakuhesabia. Ukikatisha, inaanza upya. Kinachohesabiwa ni siku ulizofungua programu. Haijui kama umesoma sura nzima kwa utulivu au umetupia jicho mstari mmoja ukisubiri daladala stendi ya Makumbusho. Matokeo yake ni kwamba mtu anakumbuka saa sita kasoro dakika tano usiku, anafungua, anafunga, analala akiwa na amani kwamba namba haijakatika. Wengine inawapata kinyume chake: namba ikikatika siku ya 90 wanajiona wamerudi nyuma, wanaona aibu mbele za Mungu, kisha hawafungui tena kwa wiki kadhaa. Wote wawili wamenaswa na kosa moja, la kudhani kwamba nidhamu ya kusoma ndiyo ukuaji wenyewe. Nidhamu ni njia ya kuufikia, na ni njia ya lazima. Lakini Wagalatia 5:22-23 inataja upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi. Hayo tisa hayaonekani kwenye skrini. Wanayaona watu unaoishi nao: mwenzi wako, dada wa kazi, mpangaji mwenzako mnayegawana bili ya umeme, mweka hazina wa kikoba anayesubiri marejesho yako. Mwenye siku 400 mfululizo ambaye bado anamtukana konda kwa sababu ya shilingi mia ana tabia nzuri ya kufungua simu. Uvumilivu bado hajaufikia.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: namba hiyo iache, usiipe uzito. Badala yake, kila mwisho wa mwezi chukua moja kati ya yale tisa, umuulize mtu mmoja anayekujua vizuri, na asiyekuogopa, kama ameona badiliko lolote. Ni zoezi gumu. Faida yake haipatikani kwenye programu yoyote.

Sehemu ya pili inayohitaji tahadhari ni mstari wa siku. Kila asubuhi unaletewa mstari mmoja, na unaweza kuuweka juu ya picha ya milima au mawio ya jua na kuutupia kwenye stetasi ya WhatsApp. Hakuna ubaya kumtumia mtu mstari. Tatizo ni mstari kukatwa kutoka mahali pake, na mtu kukua (au kudhani anakua) kwa kula vipande tu. Yeremia 29:11 ni mfano mzuri, maana hakuna mstari unaoonekana kwenye stetasi za Dar mwezi Januari kuuzidi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Wengi wanausoma kama ahadi ya kazi, ndoa au kiwanja ndani ya mwaka huu. Gusa mstari huo, fungua sura nzima. Utakuta ni barua iliyotoka Yerusalemu kwenda kwa mateka walioko Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini. Mstari wa 8 unawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Mstari wa 10 unasema watakaa miaka sabini. Ukirudi nyuma sura moja tu, sura ya 28, unamkuta nabii Hanania akiwaahidi watu kwamba mambo yatamalizika kwa miaka miwili. Huyo ndiye aliyewatumainisha watu, na ndiye aliyekuwa mwongo. Kwa jiji lenye mabango mengi ya mikutano ya kufunguliwa kwa siku tatu, sura hizo mbili zikisomwa pamoja zinafundisha zaidi kuhusu subira kuliko mstari mmoja uliorembwa.

Wafilipi 4:13 nayo hupatwa na jambo hilo hilo. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" huandikwa kwenye fulana za michezo na vioo vya bajaji kama tangazo la ushindi. Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mstari wa 12 unaeleza mambo anayoyaweza: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mkristo aliyekomaa, kwa kipimo cha Paulo, ni yule asiyebadilika imani yake mshahara ukichelewa.

Programu yenyewe inakupa dawa ya tatizo hili, ila watu hawaitumii. Ukigusa mstari wa siku, unaweza kwenda kwenye sura nzima. Fanya hivyo kila mara kabla hujausambaza: soma walau mistari kumi kabla na kumi baada, kisha jiulize nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini. Ukikwama kwenye msamiati wa 1952, mathalani neno "utauwa" (yaani uchaji wa Mungu) katika 2 Petro 1:6, gusa mstari huo na ulinganishe na toleo jingine. Kazi yote ni dakika tano.

Mipango ya kusoma ndiyo nguvu kubwa ya programu hii, na ndipo wengi wanapoanguka. Kuna aina mbili. Aina ya kwanza ni mipango mifupi ya mada, siku 3 hadi 14, kuhusu hofu, ndoa, fedha, msamaha. Kila siku ina maelezo ya mwandishi na mistari michache. Kosa la kawaida ni kusoma maelezo, kuyapenda, na kupitisha mistari harakaharaka kwa sababu "ninaijua". Mtu anamaliza mipango ishirini kwa mwaka akiwa amesoma mawazo ya watu ishirini na Biblia kidogo sana. Soma mistari kwanza, katika sura yake, halafu maelezo. Utashangaa mara ngapi maelezo hayagusi kile andiko linachosema hasa.

Aina ya pili ni kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Vitabu 66 vina sura 1,189, yaani sura tatu kwa siku na zaidi kidogo. Anayeanza Mwanzo tarehe mosi Januari na kwenda moja kwa moja hupitia sura 50 za Mwanzo na 40 za Kutoka, hivyo mwisho wa Januari anaingia Mambo ya Walawi. Sura 27 za sadaka, ukoma na sheria za usafi, baada yake Hesabu yenye sura 36, bila mtu wa kumweleza kwa nini mambo hayo yapo. Hapo ndipo wengi hukoma, kisha hujilaumu kwamba hawana kiu ya Neno. Kiu wanayo. Kilichokosewa ni mpango. Kwa mtu anayeanza, Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, unalimaliza kwa wiki 52 barabara, na Jumamosi na Jumapili zinabaki za kurudia au kufidia ulichokosa. Ukichelewa kwenye mpango wa ndani ya programu, tumia nafasi ya kusogeza tarehe mbele. Usijaribu kufidia sura kumi na tano usiku mmoja, hutakumbuka hata mbili.

Kukua ni polepole, na Biblia haioni aibu kusema hivyo. Marko 4:26-28 inasimulia mtu anayemwaga mbegu, akalala na kuondoka, nayo mbegu ikamea "asivyojua yeye": kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu.

Kuna dhana nyingine ambayo programu haikuianzisha, lakini mipango yenye vichwa vya upako na karama huichochea: kwamba mwenye karama kubwa ndiye aliyekua zaidi. Katika mikesha ya Ijumaa jijini hapa, anayenena kwa lugha au kutabiri mara nyingi hupewa uongozi mapema kuliko anayefagia kanisa kwa uaminifu miaka kumi. Linganisha 1 Wakorintho 1:7 na 3:1-3. Waraka ni ule ule, kanisa ni lile lile. Paulo anasema hawakupungukiwa na karama yoyote, halafu anawaita watoto wachanga katika Kristo kwa sababu ya husuda na fitina. Karama hutolewa. Tabia hukuzwa. Ukiona mpango unaahidi ya kwanza na kunyamazia ya pili, uache.

Dhana ya kwamba aliyekua hapitii ukame wa kiroho nayo isahihishwe, na hapa niseme wazi kwamba imewaumiza watu wengi wa Mungu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumlilia Mungu na kuishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na bado imo ndani ya Maandiko. Unayeomba na kusikia ukimya hujafukuzwa. Isome kwa sauti, iwe ndiyo sala yako siku hiyo.

Sasa matumizi ya kila siku. Pakua toleo unalolitumia ukiwa kwenye Wi-Fi, ili bando likiisha usikwame. Angalia kwanza kama toleo hilo linaruhusu kupakuliwa, maana si yote. Kumbusho la kusoma lipange wakati ambao kweli umekaa. Likilia ukiwa umening'inia mlangoni mwa daladala utalizima, na baada ya wiki utakuwa unalizima kwa mazoea. Kwenye basi la mwendokasi lililojaa, usishike simu mkononi; chagua toleo lenye sauti na usikilize kwa sikio moja. Injili ya Marko yote ina sura 16 na inasikilizika kwa takriban saa mbili, yaani foleni za siku mbili tatu. Kusikiliza ni njia halali kabisa ya kupokea Neno. Wakristo wa kwanza walisomewa nyaraka za mitume kwa sauti, hawakuwa na nakala majumbani. Na zima arifa za programu nyingine kabla hujaanza, la sivyo utaingia kusoma Warumi na kujikuta kwenye kundi la harusi ukijadili michango.

Biblia ya karatasi bado inahitajika. Kwenye ukurasa unaona mstari umekaa wapi, nini kiko juu na nini kiko chini, na unakumbuka andiko kwa mahali lilipo. Tafuta yenye marejeo pembeni. Wakatoliki waulize dukani toleo lenye Deuterokanoni (vitabu saba ambavyo Biblia za Kiprotestanti hazina), kwa kuwa vitabu vyao ni 73.

Upungufu mkubwa kuliko yote ni kwamba programu inaweza kukufanya ujione unatosha peke yako. Waefeso 4:15-16 inaongelea mwili mzima unaokua, kila kiungo kikichangia. Sehemu ya kusoma mpango pamoja na marafiki inasaidia, mradi kundi liwe dogo, watu watatu au wanne wanaojuana, na mkutane ana kwa ana walau mara moja kwa wiki, kwenye jumuiya au baada ya ibada. Kundi la watu thelathini huishia kuandika "Amina" na vikaragosi vya mikono.

Kwa aliyeokoka juzi, mlezi wake ampe mpango huu: Injili ya Yohana, sura 21, moja kwa siku, wiki tatu. Wiki ya nne Wagalatia, sura sita, siku ya saba apumzike. Wakutane kila wiki kwa saa moja, mlezi asiulize umesoma sura ngapi. Aulize umeelewa nini kuhusu Yesu, umeshindwa kuelewa nini, na nani unayepaswa kumwomba msamaha wiki hii.