Mayai ya artemia, kopo la gramu 50: kwa samaki mgeni aliyegoma kula

Kopo lenyewe ni dogo, la bati, na nililinunua shilingi 1,800 kwenye duka la samaki wa mapambo hapa Mombasa. Ndani mna chembe za kahawia, laini kama kahawa iliyosagwa. Ni mayai makavu ya artemia, wale kamba wadogo mno wa maji ya chumvi, na lebo inasema yamevunwa Great Salt Lake, Utah, Marekani. Katika vyote nilivyonunulia tangi langu mwaka huu, hakuna kilichonifaa zaidi.

Nilikuwa nimeleta nyumbani ramirezi wawili, dume na jike. Ni samaki wazuri ajabu, wana vidoa vya buluu vinavyometa na mstari mweusi uliokatiza jicho, na asili yao ni Venezuela na Kolombia, kwenye maji laini yenye joto. Lakini ni wepesi wa kugoma. Fleki, yaani vipande vyembamba vya chakula kikavu, zikishuka mbele yao wanazitazama tu. Pelleti, yaani punje za chakula kikavu, wanaionja, kisha wanaitema. Siku zikapita, matumbo yakaingia ndani na rangi ya dume ikafifia. Mjue kwamba samaki wa kusafirishwa hunyimwa chakula kabla ya safari ili asichafue maji ya mfuko, kwa hiyo anakufikia akiwa na njaa na uchovu, halafu anakuta maji mageni. Kumbadilishia kopo moja la chakula kikavu baada ya jingine hakumsaidii sana. Anachokitambua kuwa ni chakula ni kitu kinachotembea, na artemia anatembea.

Kuangua si kazi. Chukua chupa ya soda ya lita 2, ikate kitako uigeuze juu chini, tia maji lita 1, chumvi isiyo na iodini gramu 25 hadi 30, robo kijiko cha chai cha mayai, na mrija wa pampu ya hewa ufike hadi chini ili mayai yasitulie. Taa iwe karibu. Maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 28 watoto hutoka kwa muda wa saa 24 hivi, na hapa Pwani joto hilo tunalo bure. Jamaa wa Nairobi na Limuru watahitaji hita. Ukizima hewa kwa dakika 10, maganda matupu yanaelea na watoto wa rangi ya chungwa wanakusanyika chini, hasa ukiwamulika tochi hapo, maana wanafuata mwanga. Wavute kwa mrija, wachuje kwa kitambaa cha tui kilichofumwa kwa karibu, kisha wasuuze kwa maji matamu ili chumvi isiingie tangini. Usiwaweke kwa saa nyingi. Mtoto wa artemia ni kama nusu milimita tu na lishe yake ni kiini alichotoka nacho. Akikaa, anakimaliza mwenyewe.

Nilizima kichujio, nikapunguza taa, nikawamimina polepole kwa sirinji mbele ya jiwe walikojificha. Jike akasogea, jicho likamfuata mmoja, akadokoa. Akadokoa tena. Dume akaja nyuma yake, na wingu lile la chungwa halijatawanyika tayari walikuwa wanalifukuzia hadi pembeni mwa tangi. Sikuweza kuondoka pale kwa furaha.

Nimewahi kutumia minyoo myekundu iliyogandishwa. Ni chakula kizuri, lakini kinataka friza, na stima ikikatika usiku kucha unakitupa. Viluwiluwi vya mbu navyo huamsha hamu ya samaki, tena ni vya bure, ila kufuga mbu makusudi katika mji unaosumbuliwa na dengi sitamshauri mtu.

Kasoro ya kopo ni mfuniko. Haukazi vizuri, na kwa unyevu wa hapa mayai yakinyonya maji hayaanguliwi tena. Nimeyahamishia kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko cha kukaza, kikakaa friji. Bei pia ni ya juu, na linaniuma zaidi nikikumbuka kwamba artemia waliletwa kwenye mashamba ya chumvi ya Kilifi tangu miaka ya 1980. Natamani sana kuona mayai ya Gongoni, huko huko Kilifi, rafuni.

Kabla hujanunua, pima maji kwanza. Amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na taka za samaki, zisipokuwa sufuri, au maji ya ramirezi yakiwa baridi, samaki anaweza kukataa hata artemia. Tazama pia kinyesi: kikiwa cheupe, chembamba na kirefu kama uzi, huenda tatizo liko tumboni, na hapo kinachotafutwa ni matibabu.

Wakishazoea kula, usiwaachie artemia peke yake. Mimi nilisaga pelleti, nikazilowesha katika maji yaleyale yenye artemia, nikavuta vyote kwa sirinji moja. Mwanzo walichagua, wakabakisha pelleti. Nikawa napunguza artemia kidogo kidogo na kuongeza pelleti, na sasa pelleti ndiyo chakula chao cha asubuhi. Artemia nawapa jioni, mara mbili kwa wiki.