Lagi kwenye gemu za onlaini: ununue nini kwanza na nini ukiache dukani

Unamwona adui kasimama dirishani, unamfyatulia, damu unaiona kabisa, halafu nusu sekunde baadae umelala chini we, na marudio yanaonyesha hukufyatua hata risasi moja. Hiyo ndo lagi, gemu kuchelewa kupokea ulichofanya. Hapo wengi wetu tunakimbilia kitu kimoja, kuongeza kifurushi. Nimeona watu wakitoka megabiti 20 kwenda 100 na lagi ikabaki pale pale, na inaniuma maana hela ishaenda. Gemu yenyewe inakula data kidogo sana, nyingi hazifiki hata megabiti 1 kwa sekunde. Kinachoiharibu ni muda ambao pakiti, yaani kafurushi kadogo ka data, inatumia kwenda kwa seva na kurudi, hiyo ndo pingi, inapimwa kwa milisekunde, na kibaya kuliko pingi kubwa ni pingi isiyotulia, mara 40 mara 220, pamoja na pakiti zinazopotea njiani. Mwenye pingi ya 70 iliyotulia anacheza vizuri kuliko mwenye 30 inayorukaruka, kwa sababu 70 unaizoea, na gemu nayo inajua jinsi ya kuifidia, ila kitu kinachobadilika kila sekunde hakuna anayeweza kukibashiri.

Kwa hiyo hapa nimepanga vifaa kwa kigezo kimoja tu: kinatuliza pingi kiasi gani kwa hela unayotoa.

Ila usinunue chochote kabla hujapima. Kwenye kompyuta ya Windows fungua cmd, andika ipconfig, tafuta mstari ulioandikwa Default Gateway, hiyo namba ndo ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping -t ikifuatiwa na hiyo namba, halafu fungua dirisha la pili upingi 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Yaache yote mawili yakimbie huku unacheza, ngoja lagi ije, af angalia. Kama dirisha la ruta linasoma 2, 3, 2, 148, 3, 95, tatizo liko humo humo ndani ya nyumba, ni waifai, na hiyo ni habari njema maana tiba yake ni rahisi. Kama la ruta limetulia ila la nje linapanda kila mtu akianza kudaunilodi kitu, hiyo ni foleni, soma namba 2. Na kama yote mawili yametulia na gemu bado inakwama, washa kile kihesabio cha fremu kwenye gemu, kinachoonyesha picha ngapi zinachorwa kwa sekunde, maana saa ingine si mtandao kabisa, ni mashine inashindwa kuchora picha, na fremu nazo zikiwa sawa basi shida iko kwenye seva au njia ya kwenda huko, hapo hifadhi hela yako.

Namba 1: waya wa mtandao

Hakuna kinachoukaribia. Waifai ni kama chumba ambacho mtu mmoja tu anaruhusiwa kuongea kwa wakati mmoja, simu zote, tivii, laptopu na waifai za majirani walio kwenye chaneli yako wanasubiriana zamu, na pakiti ikigongana na nyingine inabidi itumwe upya. Waya hauna hayo mambo, unatuma na kupokea kwa pamoja na hakuna mwenzio humo ndani. Pingi ya kwenda kwa ruta inashuka chini ya milisekunde 1 na inakaa hapo asubuhi mpaka usiku.

Sasa kununua waya ndo watu wanapopigwa. Dukani utakuta madaraja ya waya, Cat 5e, Cat 6, Cat 6A, Cat 7, Cat 8, na muuzaji atakusukuma kwenye namba kubwa. Cat 5e inabeba gigabiti 1 mpaka mita 100, kwa gemu inatosha na kubaki. Cat 6 chukua kama bei zinakaribiana. Cat 8 imetengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, mita 30 tu, kasi za gigabiti 25 na 40, haikupunguzii hata milisekunde moja nyumbani. Kinachotakiwa kukuumiza kichwa ni madini yaliyo ndani. Angalia maandishi kwenye ganda la waya, ukiona herufi CCA urudishe hapo hapo, maana yake ni alumini iliyopakwa shaba juu, inakatika kirahisi ukiikunja na haikidhi viwango vya Cat yoyote hata kama imeandikwa Cat 6. Mimi niliwahi kununua wa mita 20 bila kuangalia, wiki ya pili nikawa kila nikisogeza kiti taa ya pale kwenye soketi inazima sekunde mbili na natolewa kwenye mechi. Nilipoukwangua kwa kisu ile nyuzi ikatoa rangi nyeupe ya fedha, kumbe shaba ilikuwa ya juu juu tu. Shaba halisi ukiikwangua ni nyekundu mpaka ndani.

Wale wembamba waliobapa kama utepe wanafaa kwa umbali mfupi, wa kupita chini ya mlango au chini ya zulia, ila kwa mita 20 na kuendelea chukua wa mviringo.

Wanaocheza kwenye simu msijitoe hapa, hii inawahusu. Kuna adapta ndogo ya USB-C yenye tundu la waya wa mtandao, simu nyingi za Android zinaitambua bila kuinstoli kitu, hata iPhone kuanzia ya 15 zenye USB-C zinaikubali. Nunua yenye tundu la pili la kuchajia, la sivyo mechi mbili tatu na chaji imeisha. Kwa konsoli, PS5 na Xbox Series zina tundu lao tayari, Nintendo Switch ya OLED inalo kwenye kituo chake cha kuchajia, Switch ya kwanza inahitaji adapta ya USB.

Namba 2: ruta yenye SQM

Hii ndo niliyotaka hasa kuiandikia maana ni wachache wanaijua, na wengi wenye waya tayari ila bado wanalag, shida yao ni hii. Ruta ina sehemu ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri kutoka. Watengenezaji wengi waliifanya kubwa kwa nia nzuri kwamba pakiti isipotee, matokeo yake mtu mmoja akianza kupandisha video anaijaza yote, na kapakiti kako kadogo ka kufyatua risasi kanaenda kukaa nyuma ya foleni yote hiyo. Nyumbani niliona kwa macho yangu, pingi 38, 39, 38, halafu simu ya mdogo wangu ikaanza kuhifadhi picha mtandaoni, 410, 560, 630, na ilipomaliza tu ikarudi 38. Intaneti haikuwa imekatika hata kidogo, kasi ilikuwa ile ile.

Tatizo hili linaitwa bafabloti, na dawa yake ipo toka 2012 pale wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walipotoa mbinu ya CoDel, inayoangalia pakiti imekaa kwenye foleni muda gani badala ya kuangalia foleni ni ndefu kiasi gani. Kutoka hapo zikaja fq_codel na CAKE ambazo zinampa kila mmoja foleni yake, kwa hiyo mwenye mzigo mkubwa anajisubiri mwenyewe na mwenye pakiti ndogo anapita. SQM ndo jina la hiyo setingi kwenye ruta.

Ukinunua, usiridhike na boksi lililoandikwa QoS au gemu au lenye antena 8 na mataa mekundu. QoS nyingi zinakwambia tu nani atangulie, ila foleni yenyewe inabaki imejaa. Tafuta kwenye maelezo maneno SQM, CAKE au fq_codel, au nunua ruta inayokubali OpenWrt, famwea (programu inayoendesha ruta) ambayo ni ya bure na inayo yote hayo. Kabla ya kulipa ingia kwenye orodha yao ya vifaa na utafute modeli yako kamili mpaka herufi ya toleo, maana v2 inaweza kukubali na v3 isikubali kabisa. Chukua yenye angalau megabaiti 128 za RAM na 16 za fleshi. Na angalia prosesa, kupanga foleni ni kazi, ruta dhaifu itapanga vizuri kwenye megabiti 50 ila kwenye 500 itashindwa na itakupunguzia kasi.

Ukishaiwasha weka kikomo cha kama asilimia 85 mpaka 90 ya kasi uliyopima, kupandisha na kushusha kila moja yake. Ndio, unajinyima kasi kidogo makusudi, na sababu ni kwamba foleni lazima iwe kwenye ruta yako yenye akili, isiende kujazana kwenye modemu ya kampuni. Wa laini za simu za 4G ambao kasi inapanda na kushuka, pima ile saa mbaya ya jioni na uweke kwa hiyo. Halafu kile kifaa cha kampuni kiwekwe kwenye hali ya daraja (bridge mode), yaani kipitishe tu mtandao na kazi ya ruta ibaki kwa ruta yako, la sivyo unakuwa na ruta mbili zinazotafsiri anwani moja nyuma ya nyingine, na gemu itaanza kukwambia NAT (hiyo kazi ya kutafsiri anwani) imebana, marafiki hawakupati kwenye kikundi na sauti haipiti.

Namba 3: MoCA

Hii inapitisha mtandao kwenye koaksi, zile nyaya nene za zamani za tivii, kwa hiyo ni kwa nyumba zilizo nazo ukutani tu. Adapta mbili, moja kwa ruta moja kwako, na unapata kitu kinachokaribia kabisa waya wa mtandao, inaongeza milisekunde chache na zinatulia. Chukua MoCA 2.5 pamoja na kichujio chake cha kuzuia mawimbi yasitoke nje ya nyumba. Kama huna koaksi ruka.

Namba 4: waifai bora, kama waya haupiti kabisa

Kwanza jaribu cha bure, hamia masafa ya 5 GHz kwenye waifai yako. Ile 2.4 ina chaneli 3 tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na humo humo kuna bluutuuthi na hata maikrowevu. Ikigoma ndo ununue adapta ya Wi-Fi 6 au 6E, na ya 6E ina faida tu kama ruta nayo ina 6 GHz. Ile ya USB ndogo kama kucha iache, antena yake haina pa kukaa, na nyuma ya kompyuta imezungukwa na chuma. Chukua yenye waya wake uiweke juu ya meza ikiiona ruta.

Namba 5: paualaini

Inapitisha mtandao kwenye nyaya za umeme. Ni bahati nasibu ya kweli, nyumba moja inakuwa tulivu kabisa, nyumba nyingine friji likiwaka tu pingi inaruka. Nunua pale tu ambapo duka linakubali kurudisha, na uichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni.

Namba 6: meshi

Ni vituo kadhaa vya waifai vinavyopokezana. Kwa kusambaza waifai nyumba nzima ni nzuri, kwa gemu inafaa pale tu vituo vyake vimeunganishwa kwa waya. Vikiongea kwa hewa kila hatua inaongeza kusubiri. Ekstenda ya bei rahisi ndo mbaya zaidi, inapokea na kurudia kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi inagawanyika nusu na pingi inayumba. Siipendekezi kwa mtu yeyote.

Namba 7: VPN za gemu

Hizi ni programu zinazopitisha pakiti zako kwenye seva zao. Zinasaidia hali moja, kama kampuni yako inazungusha pakiti kwa njia ndefu na VPN inajua njia fupi. Mwanga kwenye faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 za umbali ni milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na hizo hakuna programu inayoweza kuzifuta. Tumia siku za majaribio za bure, linganisha pingi jioni ile ile, na kama haishuki ifute.

Namba 8: kifurushi kikubwa

Kinakuwa na maana kama kasi ya kupandisha ni ndogo mno na nyumba ina watu wengi, au kama unabadilisha aina ya mtandao wenyewe. Aliye kwenye setilaiti za juu kabisa, kilomita 35,786, anaanza na karibu milisekunde 480 kabla hata ya chochote, huyo ahamie faiba ikimfikia, au setilaiti za chini zilizo kwenye kilomita mia kadhaa tu. Ila kabla hujasaini mkataba mpya, mtafute jirani mwenye kampuni hiyo hiyo, akupingie seva ya gemu yako saa zile za jioni unazocheza, dakika kumi tu, na umwangalie pakiti ngapi zimepotea.