Kifurushi cha mtoto wa mbwa: chakula sawa, pedi hazifai

Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Maweni, Malindi, mwaka wa 11 huu. Nayataja mahamri mapema kwa sababu bila hayo hutaelewa jinsi mkojo wa kinyama kisichofika kilo moja na nusu ulivyoninyima usingizi. Wateja wangu wengi ni Waislamu, mimi ni Mgiriama wa kanisani, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza habari ya usafi wa jiko langu. Siku mbwa akikojoa karibu na sinia la unga na maneno yakafika barazani, hapo ni kuinamisha karai na kurudi shamba.

Mbwa mwenyewe sikumtafuta. Mama wa Kiitaliano niliyekuwa nikimfulia kule Casuarina alikuwa anarudi kwao, na mbwa wake wa mbegu ndogo iitwayo Maltese alikuwa amezaa watatu. Wawili walipata watu, wa tatu nikawekewa mkononi ndani ya kitaulo, mweupe pe, wa wiki tisa. Nilimpima kwenye mizani ya unga: kilo 1 na gramu 100. (Mizani ile sasa ni yake. Ya unga nimenunua nyingine, tulieni.) Mjukuu wangu akamwita Kaimati, na kweli ukimwona amejikunja unaweza kumtia kwenye sahani.

Kesho yake nikapanda tuktuk hadi duka la dawa za mifugo lililo njia ya sokoni. Jina la duka silitaji, maana nina ugomvi na mwenyewe na nina deni la shukrani kwa kijana wake wa kaunta, na mambo hayo mawili hayakai vizuri chini ya bango moja. Waliniuzia kile wanachokiita kifurushi cha mtoto wa mbwa, shilingi 6,900: chakula kilo 2, pedi 30 za kukojolea, chupa ya dawa ya kuondoa harufu, bakuli mbili za chuma, ukosi wenye kengele, na dawa ya minyoo ya kupimiwa kwa uzito wake.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndicho karibu kimuue.

Picha ukutani ilionyesha mfuko uliofungwa wa chakula cha watoto wa mbwa wa mbegu ndogo. Nilichopewa kilikuwa cha kupima, kimechotwa kwenye gunia lililokuwa wazi, kikatiwa mfuko wa khaki. Punje zake kubwa kama kete za bao. Nilipouliza, mwenye duka akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Mama, mbwa ni mbwa. Akikataa mchanganyie na masalio." Kijana alinyanyua kichwa kama mtu anayetaka kusema, akakiinamisha. Aliandika namba yake nyuma ya risiti tu.

Kaimati alizilamba zile punje, akazisukuma kwa pua, akaziacha. Nikadhani ni ugeni, atakula akisikia njaa. Siku ya tatu niliamka saa kumi alfajiri kukanda unga kama kawaida yangu. Hakuinua kichwa. Nilipomsimamisha, miguu ya nyuma ikaenda upande wake na ya mbele upande wake, kama mlevi wa mnazi, na mwili wote unatetemeka. Fizi zimepauka. Nilimpigia yule kijana bila hata kufikiri ni saa ngapi, na Mungu ambariki, alishika.

"Amekula lini, mama?"

"Jana alasiri, alilamba kidogo."

"Asali unayo? Mpake kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Umfunike apate joto, halafu kukicha tu daktari."

Asali sikuwa nayo. Niliyeyusha sukari ya mahamri kwenye maji ya vuguvugu hadi ikawa nzito, nikampaka kwenye fizi, nikasugua, nikampaka tena. Unga wangu umeumuka na kushuka wenyewe ndani ya beseni, sikuutazama. Baada ya muda alitoa ulimi akalamba kidole. Baadaye kidogo akainua kichwa. Niliponda zile kete kwa mchi, nikaziloweka maji ya moto zikawa uji, zikapoa, akala. Asubuhi ile sikuuza kitu.

Daktari wa mifugo alisema ni sukari iliyoshuka. Mbwa wa mbegu ndogo akiwa mchanga hana akiba mwilini. Ukimwacha saa nyingi bila kula, anazima kama koroboi. Apewe mara nne kwa siku, na ya mwisho iwe karibu na kulala. Akamwandikia kadi ya chanjo, ya kichaa cha mbwa ikipangwa atakapotimiza miezi mitatu, na akanikataza kumpeleka ufukweni au popote mbwa wa mtaani wanapopita kabla chanjo hazijakamilika, kwa sababu ya ugonjwa wa parvo, ambao virusi vyake hukaa ardhini miezi. Na nimkague nyayo kila jioni, mchanga wetu huu una funza.

Nilirudi dukani. Mwenyewe akakataa kunirudishia hela, eti mfuko umeshafunguliwa. Mfuko wa khaki! Ulifungwa na nani? Kijana ndiye aliyeingia stoo akatoka na mfuko halisi wa kilo 2, umezibwa kiwandani, tarehe inasomeka, nikaongeza shilingi 1,300. Hicho chakula nakisifu bila kinyongo. Punje ndogo kama mbaazi, Kaimati anazitafuna unazisikia. Daktari alinikadiria kama gramu 50 kwa siku nzima kwa umri na uzito ule, yaani gramu 12 hivi kila mlo, na mtu aliyezoea kukatia mahamri kwa mkono hushangaa jinsi kiasi hicho kilivyo kidogo. Nimetafuta kifuu cha nazi kidogo, nikakichonga kikawa kata yake. Kikijaa nusu, mlo umetosha. Cha zamani na kipya nilivichanganya wiki nzima, kipya kikiongezwa kila siku, na tumbo halikuharibika.

Lililomharibu tumbo ni mahamri. Mjukuu wangu alimpa moja chini ya meza, mafuta yale yote, na usiku huo sote hatukulala. Tangu hapo watoto wana amri: hakuna mahamri, hakuna maziwa ya ng'ombe, hakuna chokoleti ya wageni, na hakuna mchuzi, maana mchuzi gani wa pwani usio na vitunguu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, huvunjika kama vijiti. Sasa rudia ule ushauri wa mwenye duka wa kuchanganya na masalio, uniambie angebaki nini.

Jambo ambalo hakuna mfuko ulioliandika: joto la hapa. Chakula chenye mafuta kikiachwa wazi Malindi kinachacha haraka. Nakiacha ndani ya mfuko wake, nakunja mdomo, nautia kwenye debe lenye kifuniko. Na bakuli naiweka ndani ya sahani ya maji, la sivyo sisimizi wanafika kabla yake. Bakuli zenyewe nzuri, nzito, hazisukumiki. Ukosi ulimtosha shingoni mara mbili, ule wa kengele amevaa paka wa jirani.

Sasa pedi.

Maelezo yanasema utandaze pedi pembeni, mbwa atavutwa na harufu yake, atakojoa hapo. Nikatandaza uani, pembeni mwa ukuta. Ilikuwa Julai, upepo wa kusi umekaza, pedi ya kwanza niliikuta juu ya mwarobaini. Nikaziingiza ndani, nikazikandamiza kwa mawe. Hapo zilifanya kazi, na ndipo shida ilipoanza. Kaimati akajua kukojoa kwenye pedi. Akajua vizuri sana. Asubuhi ya wiki ya pili, bibi wa nyumba ya pili, mteja wangu wa mahamri sita kila siku, amesimama anangoja, na Kaimati akatoka, akapita mbele yake, akachuchumaa katikati ya mkeka ninaowakalishia wateja.

Bibi hakupiga kelele. Akavuta buibui lake juu kidogo, akasema, "Mwanangu, mkeka huo si wa kukalia watu tena mpaka uoshwe." Akanieleza: mara saba, moja kwa udongo. Niliuosha pale pale, udongo kwanza halafu maji, na yeye amekaa dirishani kwake anahesabu kwa vidole. Ya tano alinirudisha, akasema ile haikuenea pembeni. Kesho yake alikuja kununua kama kawaida, ila alisimama.

Kijana wa kaunta alicheka nilipomwambia. "Mama, umemfundisha kwamba kitambaa kilichotandazwa chini ni choo. Pedi na mkeka kwake vina tofauti gani?" Nikamuuliza mbona wananiuzia. Akatazama mlango wa ofisi, akaninong'oneza kwamba pedi ni za mtu wa ghorofa ya tatu asiye na ua. Mwenye ua anahitaji saa tu.

Basi nikanunua ushauri wake kwa mahamri manne, na ndio uliofanya kazi. Mtoto wa mbwa hukojoa akiamka, dakika 10 hadi 20 baada ya kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Umri wake kwa miezi ongeza moja, hizo ndizo saa za mwisho kabisa anazoweza kujizuia, na wa mbegu ndogo punguza, kibofu chenyewe ni kama ukwaju. Wa miezi miwili kwa hiyo usimngoje saa tatu nzima. Mchana nilimtoa kila saa. Nambeba mkononi, kwa sababu akitembea anamaliza njiani. Mahali ni pale pale siku zote, chini ya mwarobaini. Nasimama kimya kama mti wa pili. Akimaliza tu, "vizuri!", na punje moja ya chakula pale pale. "Ukimpa mkisharudi ndani," kijana alisema, "atajua analipwa kwa kurudi ndani." Na nisimsugue pua kwenye mkojo kama tunavyoona watu wakifanya, atajifunza kujificha nyuma ya kabati, basi.

Usiku na wakati wa kupika analala kwenye kreti la mkate lililogeuzwa, lenye tambara, dogo kiasi cha kumtosha kugeuka tu, maana mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ratiba yangu ikamfaa kuliko nilivyotegemea. Saa kumi namtoa, nakanda. Unga ukiumuka, anakula na kutoka tena. Unga na yeye huamka pamoja. Jikoni hakanyagi, nimeweka mlango wa wavu, na ndoo yake na fagio lake ni vya uani.

Kila alipokosea nilichora mstari wa mkaa ukutani. Wiki ya kwanza ya utaratibu huu mistari ilikuwa 19. Ya tatu, 8. Ya sita, 2, na mmoja wapo ni kosa langu, nilikuwa nahesabu chenji. Sasa ana miezi mitano na huenda mlangoni mwenyewe akakwaruza. Sisemi ameiva. Wenye mbegu ndogo wenzangu wanajua, hawa huchelewa.

Ile chupa ya kuondoa harufu ndiyo iliyonishangaza. Niliidhania upuuzi kama pedi. Ina vimeng'enya vinavyovunja mkojo wenyewe, si manukato ya kuufunika, na sakafu yangu ya saruji hunyonya kila kitu. Sharti uifute sehemu kwanza, uimwagie, uiache ikae. Mimi mwanzo nilikuwa natia Jik halafu hii juu yake, na Jik inaiharibu. Nilipoacha Jik, Kaimati aliacha kurudia pembe ile ya kabati. Ikiisha nitanunua peke yake, shilingi 950, bila kifurushi.

Kwa hiyo usichukue kifurushi. Nunua chakula kilichozibwa, uone tarehe, na hiyo chupa, na umtafute kijana, hasa asubuhi kabla mwenyewe hajafika. Duka nalipatia nyota 3 kati ya 5, na zote tatu ni zake.

Juzi bibi wa nyumba ya pili alikaa mkekani. Hakusema neno, aliutazama tu, akakaa, akaagiza sita. Pedi zilibaki 23. Nimezitandaza chini ya karai, na kwa matone ya mafuta sijaona kitu kinachonyonya vizuri kama hizo.