Ngorongoro kwa anayetokea Dar: kilichonifurahisha na kilichoniudhi

Nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyokatwa haiwahusu simba wala faru, inamhusu aliyepanga safari. Kreta yenyewe haina ubishi. Ila kwa anayetoka Dar, thamani ya siku nzima inategemea saa ambayo tairi za gari lako zinagusa chini ya kreta. Ukiteremka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umeiona Ngorongoro. Ukiteremka saa nne, umeona foleni ya magari yaliyomzunguka simba aliyelala.

Nianze na njia. Basi la kutoka kituo cha Mbezi Luis, Dar, kupitia Chalinze, Segera, Same na Moshi linakula siku nzima, zaidi ya kilomita 600, na unafika Arusha umechoka kama uliyebeba gunia. Mwenye siku tatu tu apande ndege. Njia ambayo wengi hawaifikirii ni treni ya SGR hadi Dodoma, halafu basi la Arusha linalopita Kondoa na Babati. Lami tupu. Unashuka Makuyuni, njia panda ya Ngorongoro, gari lenu la safari linakuchukua hapohapo na hulazimiki kwenda Arusha mjini kisha urudi tena. Kutoka Makuyuni ni Mto wa Mbu, mnapanda ukuta wa Bonde la Ufa, mnaingia Karatu. Jazeni mafuta Karatu na mtoe hela benki hukohuko.

Sasa malipo, maana hapa ndipo asubuhi za watu zinapoharibika. Getini Lodoare, lango la kuingilia hifadhi, hawapokei noti mkononi. Mnalipa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Kampuni makini huiomba na kuilipia siku moja kabla. Ile tuliyopanda nayo ilianza kuihangaikia getini, saa kumi na mbili na robo, mtandao unasuasua, magari mengine yanatupita. Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi ya kwanza, uliza: "Malipo ya geti yanafanyika lini?" Uliza pia kama bei uliyotajiwa imejumlisha ada ya gari kushuka kreta. Hiyo ni ada ya peke yake, mbali na kiingilio cha mtu, na matangazo ya bei poa hupenda kuisahau. Kwa kuwa inalipwa kwa gari, watu sita wakijaza Land Cruiser moja wanagawana maumivu. Wawili peke yao wataumia. Raia wabebe kitambulisho cha NIDA, maana mgeni analipa zaidi na tofauti ni kubwa mno.

Kibali ni cha saa 24 tangu mlipoingia. Hapa kuna ujanja halali kabisa: ingieni saa tisa alasiri, laleni ukingoni mwa kreta (kambi ya Simba A ndiyo ya mahema), mteremke alfajiri na mtoke getini kabla ya saa tisa. Mkichelewa mnaongezewa malipo. Anayelala Karatu anapata kitanda cha joto zaidi, lakini lazima awe getini linapofunguliwa saa kumi na mbili, na bado ana karibu saa nzima kuzunguka ukingo kabla ya kufika Seneto, barabara ya kuteremkia.

Baridi ya ukingoni si ya kusimuliwa. Mtu wa Dar akisikia "baridi" anabeba sweta moja la ofisini. Ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukungu unafunika hata boneti ya gari. Beba jaketi zito, kofia ya kufunika masikio na soksi nene. Mkishateremka mita 600 hivi jua linachoma, mnaanza kuvua majaketi ndani ya gari.

Chini ni uwanda wa kilomita za mraba 260 uliozungukwa na ukuta pande zote. Mlima wa volkano ulitapika tope lake la moto, tumbo likabaki tupu, kilele kikaporomokea ndani zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Ukijua hilo, Ziwa Magadi linaeleweka: maji yanaingia, hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi inabaki. Ndiyo magadi, ndugu wa yale tunayotia kwenye makande. Heroe (flamingo) wanalipenda.

Usitafute twiga, kreta haina. Tembo utakaowaona karibu wote ni madume makubwa, hasa kwenye msitu wa Lerai. Simba, fisi, nyati, nyumbu na pundamilia hawakosekani. Faru weusi wapo, lakini gari haliruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo mara nyingi faru ni kijiwe cheusi kinachotembea mbali huko. Bila darubini utaambiwa "yule pale" na utaitikia kwa adabu tu.

Chakula cha mchana huliwa Ngoitokitok, penye bwawa la viboko na vyoo. Kuleni ndani ya gari. Mwewe wa pale hatoi taarifa: anakuja kwa nyuma, unasikia upepo sikioni, paja la kuku limeondoka na kidole kina mchubuko. Watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu wananyoosha mkono juu. Mifuko ya plastiki iacheni Dar.

Kuhusu gari: lazima liwe la kuendesha magurudumu yote manne. RAV4 yako isiyo na uwezo huo itasubiri juu. Kagua siku moja kabla kama paa linafunguka hadi mwisho, kila abiria ana dirisha, na redio ya dereva inafanya kazi, maana madereva huambiana hapo alipo chui au faru. Aprili na Mei barabara za chini huwa tope na ukungu hukaa sana. Bei za kulala zinapungua, lakini mwenye safari moja tu asijaribu bahati.

Saa kumi na mbili jioni kila gari liwe limetoka. Anzeni kupanda barabara ya Lerai, ya kutokea, mapema, maana kona ni kali na gari linalochemka mbele yenu linawazuia wote. Mkipita Mto wa Mbu nunueni ndizi nyekundu, chagueni zilizo ngumu bado, zilizoiva hazifiki Chalinze.