Kikofia cha shilingi 500 na ulimi wa muuza spea wa Gerezani

"Mzee, kwani hiyo pikipiki unataka uzikwe nayo?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na kijana wa duka moja la spea pale Gerezani, Kariakoo, nilipomwuliza kama vikofia vya mpira alivyokuwa akiniuzia vinastahimili petroli. Shikamoo hakunipa, nami sikuidai. Nilimsalimu habari za kazi, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye simu. Imepita miezi mingi, pengine mwaka unakaribia, lakini kila ninapowasha pikipiki asubuhi jibu lile hunirudia, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, ya cc 150, yenye silinda moja na kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Kwenye shingo inayounganisha kabureta na injini kuna kijibomba ambacho zamani kilikuwa na mpira mwembamba uliokwenda kwenye kifaa cha kupeleka hewa safi kwenye ekzosi ili mabaki ya moshi yaungue. Fundi wangu wa kwanza alikiondoa kifaa hicho, kama wafanyavyo mafundi wengi, kwa maelezo mafupi kwamba hakina kazi, kisha akakiziba kijibomba kwa kikofia cheusi cha mpira kisichozidi ncha ya kidole changu cha mwisho. Sikukijua kikofia hicho wala sikukiuliza, mpaka kiliponitia hasara.

Pikipiki ilianza kwa kukataa kushika silensa, yaani ule mngurumo wa chini usipovuta mafuta. Nikisimama kwenye taa za TAZARA injini hupanda yenyewe na kunguruma kama naitaka mbio, na abiria wa daladala hugeuka kunitazama kana kwamba mtu wa umri wangu ameanza utoto upya. Dakika moja baadaye inazimika. Nikiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi inapiga risasi. Kilichonichanganya ni kwamba nikikaza mwendo kila kitu kilikuwa sawa, nami nikaamini tatizo ni petroli chafu. Nilibadilisha plagi, nikanunua vifaa vya ndani vya kabureta, nikalipa ufundi mara mbili, na plagi mpya nayo ikatoka nyeupe kama chaki, dalili kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta.

Fundi wa tatu, mzee mmoja wa Mbagala asiyependa maneno, alichukua bomba la sindano lenye maji ya sabuni akadondosha tone moja moja kuzunguka shingo ya kabureta injini ikiwa inanguruma. Tone lilipofika kwenye kikofia, mngurumo ukashuka palepale. Akakichomoa, akakikunja kati ya vidole viwili, na nyufa zikafunguka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Alinieleza kwamba mvuto wa injini huwa mkali zaidi mkono wa mafuta unapokuwa umefungwa, ndiyo maana ugonjwa ulionekana kwenye silensa na kujificha kwenye mwendo. Aliongeza jambo lililonitisha kuliko yote: hewa inayopita kwenye ufa haipiti kwenye chujio, kwa hiyo vumbi lote la njiani lilikuwa likiingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni.

Ndipo nikaenda Gerezani na swali langu, nikapewa kejeli yangu pamoja na pakiti ya vikofia vitano, kimoja shilingi 500. Cha kwanza hakikumaliza miezi miwili. Kama ningekuwa naandika siku ile, ningesema msinunue kabisa vikofia vyeusi vya pakiti, na kwamba duka lile lifungwe. Kwa hasira nikanunua kwingine vyekundu vya silikoni, ambavyo kila mtu alivisifu kwa kustahimili joto, na kwa wiki kadhaa nilitembea nikijiona mshindi. Baadaye kimoja kikaanza kulegea, kikawa kinazunguka chenyewe kwenye kijibomba nikikigusa.

Kwa kuwa sikutaka tena kuamini mdomo wa mtu, nilifanya jaribio nyumbani. Nilichukua kichupa cha dawa ya kikohozi, nikatia petroli kidogo, nikatumbukiza kikofia kimoja cha kila aina, nikafunga vizuri na kukiweka nje mbali na jiko usiku kucha. Asubuhi kile cha silikoni kilikuwa kimevimba kikateleza kama mlenda. Cheusi cha pakiti nacho kilivimba vibaya, nikashuku ni ule mpira wa EPDM au unaofanana nao, ambao ni mzuri kwenye mafuta ya breki na kwenye jua lakini si rafiki wa petroli. Ukweli ni kwamba mpira unaoweza petroli ni wa naitrili, na bora zaidi ni FKM ambao wengi wanaujua kwa jina la Viton, unaovumilia petroli na joto kwa pamoja ila bei yake hupanda. Naitrili nayo ina udhaifu wake: ukiivuta kwa nguvu kwenye kijibomba kinene kuliko tundu lake, hupasuka mapema ikikaa imetanuka kwenye hewa. Kwa hiyo pimeni unene wa kijibomba kabla ya kununua, na tundu liwe dogo kidogo tu, lisiwe la kulazimisha.

Nilirudi dukani na kichupa changu mkononi, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Kijana hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja kwenye meza ya fedha, akasema, "Karibu baba, pole na jua," akakitazama kichupa, akacheka kidogo, kisha akainama na kutoa kopo la maziwa chini ya meza. Ndani kulikuwa na vikofia vinene, vyeusi visivyong'aa, kimoja shilingi 3,000. "Hivi ndivyo wanavyochukua mafundi," alisema. Vilikuwepo siku zote! Nilisimama kando ya meza hiyo siku ile ya kwanza, nikiwa na fedha mfukoni, nikauziwa takataka na kejeli juu yake.

Hata hivyo, nikikumbuka vizuri, neno langu la kwanza kwa yule kijana lilikuwa kuuliza cha bei nafuu zaidi ni kipi. Swali la petroli lilikuja baadaye, baada ya kupewa pakiti. Sisemi kwamba alikuwa na haki ya kunizika mapema, lakini labda alinipa nilichoomba. Labda. Bado angeweza kusema kuna vingine, na mtu anayeuza spea bila kutaja kwamba ipo nzuri kuliko hii hana tofauti na anayeuza bovu.

Kikofia cha kopo kililala kwenye petroli usiku mzima kikatoka kama kilivyoingia. Nimekifunga kwa klampu ndogo ya waya, kimepita masika na jua lote la kiangazi, na nikikikunja hakina hata mstari mmoja mweupe. Silensa inakaa pale ninapoiweka. Kwa bidhaa yenyewe sina neno baya, na ninasema hivyo nikiwa bado nina hasira.

Nilikuwa nimeapa kutorudi duka lile. Wiki chache zilizopita kebo ya klachi ilikatika, na maduka mawili ya karibu hayakuwa nayo. Kijana alikuwepo. Safari hii alinipa shikamoo kamili, akaweka simu chini, akanitolea kebo mbili na kunieleza tofauti zake bila kuulizwa. Kisha, nikiwa bado nahesabu fedha, akawageukia wenzake na kuwaambia, "Huyu ndiye yule mzee atakayezikwa na pikipiki." Walicheka wote, na yule mama pia. Nikachukua ile kebo ya bei kubwa, nikahesabu chenji mara mbili, nikaondoka.